Nguo za mabaka za kuwindia kwenye baridi kali: tunalipia michoro au tunalipia kitambaa?

#1 Mlenga_Shabaha (St. Cloud, Minnesota)

Habari wanajukwaa. Naomba michango ya wale wanaowinda huku Amerika Kaskazini na kule Skandinavia. Mwaka huu nimekata leseni ya kuwinda kulungu wa mkia mweupe kwa upinde. Msimu wa upinde hapa Minnesota hufunguliwa katikati ya Septemba na kufungwa tarehe 31 Desemba, lakini ratiba yangu ya kazi inaniachia Desemba peke yake, wakati ambapo alfajiri huweza kufika nyuzi 15 au 20 za Selsiasi chini ya sifuri. Nitakuwa juu ya jukwaa la mtini, pembeni mwa msitu wa mialoni unaopakana na shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa, na nitatakiwa kutulia hapo saa tatu au nne bila kutikisika.

Nimepita madukani na nimefikia msimamo ambao nauweka hapa ili upingwe kwa hoja. Naona kwamba sehemu kubwa ya bei ya nguo hizi inalipia mchoro. Koti la mabaka la kampuni yenye jina huanzia kwenye dola 400, na ovaroli yake haiko mbali na hapo, ilhali koti la kijani lisilo na mchoro na lenye unene ule ule hupatikana kwa nusu ya fedha hizo. Je, kulungu anaiona tofauti hiyo? Na kama haioni, ubora wa vazi la kuwindia kwenye baridi upimwe kwa kitu gani?

#2 Kapi_na_Mshale (Eau Claire, Wisconsin)

Mkuu, karibu kwenye upinde. Mimi nauweka mchoro nafasi ya tatu. Ya kwanza ni sauti ya kitambaa, ya pili ni joto.

Kulungu anaposimama mita 18 kutoka chini ya mti wako, msitu wa Desemba hauna majani wala wadudu wa kufunika kelele, na wewe ni lazima uunyanyue mkono na kuvuta upinde. Koti la nailoni ngumu lenye utando wa kuzuia maji hukwaruza kama mfuko wa plastiki, na mnyama atakuwa ameondoka kabla hujafikisha uzi wa upinde shavuni. Ukiwa dukani, kwaruza kiwiko cha koti kwa ukucha, taratibu, huku umekisogeza sikioni. Kitambaa kizuri cha nje, yaani flizi iliyosuguliwa, sufu, au poliesta iliyofumwa kwa vinyweleo, hakitoi zaidi ya mnong'ono. Kipimo cha pili hufanyika nyumbani ukiwa bado na risiti. Liweke koti ndani ya friza usiku kucha, asubuhi livae pale pale na ukunje mkono kama unayevuta upinde. Friza ya nyumbani hukaa kwenye nyuzi 18 hivi chini ya sifuri, ambayo ndiyo hali yako ya Desemba, na koti lililokuwa kimya kwenye joto la duka huweza kukakamaa hapo na kuanza kutoa mlio kwenye bega na kwapa.

#3 Nyumbu_wa_Calgary (Alberta)

Naomba nitofautiane na Kapi, kwa sababu mchoro umedharauliwa mno. Tuangalie ulikotoka. Mwaka 1980 Jim Crumley wa Virginia alianza kuuza nguo zenye mchoro wa magome ya miti alizoziita Trebark, kwa sababu wawindaji wengi wakati ule walivaa nguo za masalia ya jeshi zilizobuniwa kwa ajili ya vita. Mwaka 1986 zikaja Mossy Oak ya Toxey Haas na Realtree ya Bill Jordan, ambazo ziliiga matawi, majani na magome kwa uhalisia mkubwa. Michoro ile ina kasoro moja: vijiti na vijani vidogo vinapendeza ukiwa umelishika koti mkononi, lakini kwa umbali wa mita 40 vyote huchanganyika na kuwa bonge moja jeusi lenye mabega na kichwa.

Ndiyo maana mwishoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya W. L. Gore ilileta mchoro wa Optifade, uliotengenezwa kwa ushauri wa wataalamu wa macho ya wanyama akiwemo Jay Neitz, wenye mabaka makubwa ya mwanga na giza yanayovunja umbo la mwili badala ya kuiga majani. Hiyo ni kazi ya kitaalamu, na inastahili kulipiwa. Koti la kijani kitupu lina mpaka mmoja mrefu kuanzia bega hadi nyonga, na mpaka huo ndio jicho la mnyama linaoutafuta.

#4 Jicho_la_Mnyama (Columbus, Ohio)

Kwa kuwa Nyumbu amemtaja Neitz, niweke msingi wa kisayansi ili tujadili kitu kimoja. Mwaka 1994 Gerald Jacobs, Neitz na wenzao walichapisha vipimo vya retina, yaani sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, ya kulungu wa mkia mweupe. Walionyesha kwamba kulungu ana aina mbili za seli za koni, zile zinazotambua rangi, wakati binadamu ana tatu. Aina moja huitikia zaidi mwanga wa buluu wenye urefu wa wimbi karibu nanomita 450, na nyingine huitikia zaidi mwanga wa kijani, karibu nanomita 537. Hana koni ya tatu inayotuwezesha sisi kutenganisha nyekundu na kijani. Chungwa kali la wawindaji, ambalo liko karibu na nanomita 600, kwake ni rangi iliyofifia inayoelekea hudhurungi au kijivu.

Zaidi ya hapo, ukali wa macho yake ni mdogo kuliko wetu, kwa hiyo vijani vilivyochorwa kwa ustadi kwenye koti havimfikii kabisa. Anachotuzidi ni upana wa kuona, kwani macho yake yako pembeni mwa kichwa, uwezo wa kuona gizani, na wepesi wa kunasa mwendo. Nakubaliana na Nyumbu juu ya mabaka makubwa. Sikubaliani naye kwamba kijani kitupu kimeshindwa, kwa sababu mtu aliyetulia mbele ya shina nene hana mpaka mrefu wa kuonekana.

#5 Mjukuu_wa_Rungwa (Tabora, sasa Spokane, Washington)

Salaam. Kabla ya kuja huku nilifanya kazi na kampuni za uwindaji wa kitalii katika Pori la Akiba la Rungwa, na wageni wetu waliambiwa mapema waje na nguo za kijani au kaki, zisizo na mabaka. Sababu moja ni sheria za nyumbani kuhusu nguo zinazofanana na sare za jeshi. Pia walikatazwa buluu na nyeusi, kwa sababu ya mbung'o. Mitego ya mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi kwa kuwa rangi hizo huwavuta. Sasa nikisoma maelezo ya Jicho kwamba kulungu wa huku huona buluu vizuri kuliko rangi nyingine nyingi, naona suruali ya jinzi haifai mahali popote penye uwindaji.

Ninachotaka kusema hasa ni upepo. Pofu na palahala tuliwafikia hadi umbali wa mshale tukiwa na mashati ya kijani, na kilichotuangusha kila mara kilikuwa upepo kugeuka na kuwapelekea harufu yetu. Wahadzabe wa bonde la Eyasi huwinda kwa upinde na hawajawahi kuhitaji koti la dola 400. Mnunulie kijana huyu kichupa cha unga wa kupimia upepo kabla ya mengine yote.

#6 Kapi_na_Mshale

Mkuu wa Rungwa, heshima yako, lakini Wahadzabe hawakai juu ya mwaloni kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Ukipita huku Wisconsin mwezi wa kumi na mbili na shati la kijani tutakupokea kwa uji wa moto, kisha tutaendelea na mjadala. Hoja ya upepo ni ya kweli, ila aliyeanzisha mada ameuliza vazi.

#7 Dada_wa_Oulu (Ufini)

Habari zenu. Nimesoma yote, na ninaona mnajadili koti la nje kana kwamba ndilo vazi. Kwenye baridi, ubora huanzia kwenye ngozi. Mwindaji hufanya kazi mbili zinazopingana siku moja: anatembea kwenye theluji akiwa amebeba mizigo, na hapo anatoa jasho, kisha anakaa bila kujongea, na jasho lile lile linamnyang'anya joto. Mtu anayefika kwenye jukwaa akiwa amevaa kila kitu atatetemeka kabla ya saa moja kuisha, hata kama koti lake ni la bei ya juu kuliko yote.

Sisi huku tunatembea tukiwa tunahisi baridi kidogo. Koti kubwa na ovaroli nene hufungwa kwenye begi la mgongoni, na huvaliwa mtu akishafika na mwili ukishapoa kwa dakika chache. Ndani kabisa mimi huvaa fulana ya wavu, ile iliyobuniwa na Mnorwe Henrik Brun mwaka 1933 kutokana na nyavu za uvuvi. Matundu yake hushika hewa ya joto mtu akitulia, na hupitisha unyevu mtu akitembea. Juu yake huja merino, yaani sufu laini ya kondoo wa aina hiyo, kisha sufu nzito au flizi, ndipo koti. Hakuna hata moja kati ya zile za ndani yenye mabaka, na hakuna sababu ya kulipia mabaka mahali yasipoonekana.

#8 Mlenga_Shabaha

Asanteni sana, nimeandika kila kitu. Dada wa Oulu, ninazo suruali na fulana nzito za ndani za pamba, ambazo kazini kwenye ghala lenye ubaridi zinanitosha. Je, naweza kuanza nazo?

#9 Dada_wa_Oulu

Ziache nyumbani, kaka yangu. Nyuzi za pamba hunywa maji na kuyang'ang'ania, na kitambaa kikishalowa jasho hulala kwenye ngozi na kupoteza ile hewa iliyokuwa ikikupa joto. Ghalani unasogea muda wote na unaweza kuingia chumba chenye joto, mtini huwezi. Sufu inaweza kufyonza unyevu wa karibu theluthi moja ya uzito wake kabla hujahisi kwamba imelowa, na hata ikilowa haikuachi kabisa. Kwa nguo ya ndani tafuta merino ya gramu 200 hadi 250 kwa mita ya mraba.

#10 Kapi_na_Mshale

Hapa ninamsahihisha dada yangu kidogo. Sufu hufyonza, ni kweli, lakini hukauka polepole, na merino nyembamba hutoboka haraka chini ya mikanda ya begi. Poliesta nzuri yenye vijumba ndani hukauka ukiwa umeivaa, na bei yake ni nafuu. Tatizo lake ni harufu, kwa sababu poliesta hushika harufu ya mwili baada ya siku moja tu, na hilo linatupeleka tena kwenye upepo wa Mjukuu wa Rungwa. Mimi huvaa poliesta kwenye safari ndefu ya kupanda vilima na merino siku ya kukaa.

#11 Mzee_wa_Lewiston (Maine, zamani Bukavu)

Jambo kwenu, watoto na ndugu zangu. Sisi tuliofika hapa na familia kubwa hatukuanza na maduka ya dola 400. Niwaambie habari ya masalia ya jeshi la Marekani. Wana mfumo wa nguo za baridi unaoitwa ECWCS, na kizazi chake cha tatu kina tabaka saba, kuanzia nguo nyepesi ya ngozini hadi koti nene la tabaka la saba ambalo huvaliwa juu ya vyote mtu akiwa ametulia. Vipande hivi hupatikana kwenye maduka ya masalia kwa bei ya mtumba. Tabaka la pili, lenye vijumba vya mraba kwa ndani, na la tatu, ambalo ni flizi, ni nguo nzuri sana za mwindaji. La saba lina joto la ajabu lakini kitambaa chake cha nje hulia, kama alivyoeleza Kapi. Mimi huvaa juu yake shati kubwa la sufu lenye miraba myekundu na myeusi, na kelele inakwisha.

Wazee wa huku Maine na Vermont waliwinda na sufu ya miraba vizazi na vizazi kabla ya hayo mabaka. Viwanda kama Woolrich cha Pennsylvania, kilichoanza mwaka 1830, vilivisha wawindaji miaka mia moja na hamsini kabla ya huyo Crumley wa Nyumbu. Miraba mikubwa nayo huvunja umbo, na hakuna aliyeichora kwa kompyuta.

#12 Nyumbu_wa_Calgary

Mzee, shikamoo. Miraba yako inaunga mkono hoja yangu kuliko ya Mlenga Shabaha, kwani ni mabaka makubwa ya giza na mwanga. Ninachokataa ni kusema kwamba mchoro hauna thamani yoyote.

#13 Mzee_wa_Lewiston

Marahaba, mwanangu. Thamani inayo. Bei yake ndiyo ninayoikataa.

#14 Mama_Brooklyn_Park (Minnesota)

Kabla fedha haijatoka mfukoni, kuna jambo ambalo hakuna aliyeligusa, nalo litabadilisha orodha yote. Mlenga Shabaha, unasema utawinda Desemba kwa upinde na unatafuta mabaka. Hapa Minnesota msimu wa bunduki za gobori huanza mwishoni mwa Novemba na kuendelea hadi katikati ya Desemba. Wakati wowote msimu wa kulungu wa silaha za moto ukiwa wazi kwenye eneo lako, hata wewe wa upinde unatakiwa kuonyesha chungwa kali au waridi kali kwenye kofia na kwenye vazi lote la nje juu ya kiuno, isipokuwa mikono ya koti na glavu. Waridi liliruhusiwa hapa mwaka 2017, mwaka mmoja baada ya Wisconsin. Kwa hiyo kwa karibu nusu ya Desemba yako koti la dola 400 litafunikwa na fulana ya chungwa ya bei ndogo kabisa.

#15 Kapi_na_Mshale

Mama ameongea jambo la maana sana. Nyongeza ni kwamba Minnesota inaruhusu chungwa lenye mabaka, mradi angalau asilimia 50 ya kila futi ya mraba iwe chungwa kali. Usidhani ni hivyo kila jimbo. Colorado wanataka inchi za mraba 500 za chungwa au waridi lisilochanganywa, na chungwa la mabaka halihesabiki.

#16 Mzee_wa_Lewiston

Maine wanataka vipande viwili kwenye msimu wa bunduki, kofia na vazi la kiwiliwili. Kulungu hulisogelea chungwa hilo bila wasiwasi, jambo ambalo Jicho amelieleza vizuri kwa hizo nanomita.

#17 Msafi_wa_Fargo (Dakota Kaskazini)

Naona wote mmesahau sabuni. Unaweza kununua vazi bora kuliko yote na ukaliharibu siku ya kwanza ya kulifua. Sabuni nyingi za unga zina ving'arishi, yaani kemikali za kuifanya nguo ionekane nyeupe zaidi, ambavyo huakisi mionzi ya urujuanimno (UV) isiyoonekana kwa macho yetu, na kulungu huiona mionzi hiyo. Kwake unawaka. Tumia sabuni isiyo na ving'arishi wala manukato, usiweke dawa ya kulainisha nguo, na uanike nje.

#18 Jicho_la_Mnyama

Ushauri wa Msafi ni mzuri, ila maelezo yanahitaji kunyooshwa. Ving'arishi haviakisi urujuanimno. Vinaumeza, kisha vinautoa tena kama mwanga wa buluu wa karibu nanomita 440, na kwa bahati mbaya hiyo ndiyo sehemu ambayo koni ya buluu ya kulungu imekaa. Kwa hiyo hata tukiweka pembeni swali la urujuanimno wenyewe, tatizo linabaki. Tatizo hilo huwa kubwa zaidi alfajiri na jioni, wakati mwanga wa buluu unapotawala na kulungu ndipo wanapotembea. Ukitaka kukagua, zima taa chumbani na umulike nguo kwa tochi ya urujuanimno. Ikitoa mng'ao wa buluu-nyeupe, ina ving'arishi. Baadhi ya nguo hutoka navyo kiwandani, zikiwemo zenye mabaka ya gharama.

#19 Mjukuu_wa_Rungwa

Pamoja na heshima kwa sayansi, naomba kuuliza. Wazee wa miraba wa Mzee wa Lewiston walifua kwa sabuni ya kawaida na walileta nyama nyumbani. Kama mng'ao huo ungekuwa na uzito mnaoupa, si wangelala njaa?

#20 Dada_wa_Oulu

Sufu yao hawakuifua mara kwa mara, na pengine hilo ndilo jibu. Huku kaskazini jambo hili lina sura nyingine. Watafiti wa chuo cha UCL cha London walionyesha mwaka 2011 kwamba paa wa theluji (reindeer) wanaofugwa na Wasami, wenyeji wa kaskazini mwa Skandinavia, wanaona urujuanimno. Theluji huuakisi kwa wingi sana, ilhali kuvu-mwani (lichen), mkojo na manyoya huumeza, kwa hiyo vitu hivyo hujitokeza kwa weusi juu ya weupe. Nalileta hili kwa wanaotaka kununua kanzu nyeupe ya theluji. Nyeupe ya macho yetu huweza kuwa doa jeusi kwa mnyama kama kitambaa kinameza urujuanimno, na shuka jeupe lililofuliwa kwa ving'arishi linafanya hivyo hasa.

#21 Bata_Bukini (Winnipeg, Manitoba)

Ninaona mnasema "mnyama" kana kwamba wote wana jicho moja. Mimi huwinda bata bukini mwishoni mwa msimu, kwenye mashamba yenye theluji, na ndege wana aina nne za koni. Nyekundu wanaiona, kijani wanaiona, tofauti kati ya kijani cha plastiki na nyasi kavu wanaiona wakiwa angani. Kwetu sisi mchoro na rangi ni lazima, na uso usiofunikwa ndio unaoharibu kila kitu kwa sababu wanakutazama kutoka juu. Anayewinda kulungu leo na bata bukini kesho asifuate ushauri wa "kijani kinatosha".

#22 Mama_Brooklyn_Park

Kwa suala la uso, niseme jambo kwa ndugu zangu wenye ngozi kama yangu. Wengi hudhani kwamba weusi wetu unatosha kutuficha. Majira ya baridi huku tunajipaka mafuta ya mgando usoni ili ngozi isipauke, na paji la uso lililopakwa mafuta hurudisha mwanga wa jua la asubuhi. Vaeni kinyago cha flizi au cha wavu.

Kwa wanawake, ovaroli nyingi za baridi zimekatwa kwa mwili wa mwanamume: kifua kinabana, kiuno kinaelea, na upepo unaingia mgongoni. Tafuteni za kike zenye zipu ndefu za pembeni zinazofika juu ya nyonga, au zile zenye zipu inayozunguka nyuma, kwani kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri si jambo la kufurahisha kuvua koti, mkanda wa usalama na ovaroli ili ujisaidie. Na wote, wanaume na wanawake, kagueni kama koti lina tundu la kupitishia kamba ya usalama mgongoni. Mkanda hukaa chini ya koti, kamba hutokea kwenye tundu hilo, na mtu anaweza kuongeza au kupunguza nguo bila kujifungua kutoka kwenye mti. Kwangu hilo ni alama ya ubora kuliko mchoro wowote.

#23 Kapi_na_Mshale

Nakubali kabisa, na niongeze miguu kwa sababu wengi hukimbia jukwaani kwa ajili ya vidole. Chukua buti kubwa zaidi kwa namba moja, zenye kiatu cha ndani cha sufu kinachotoka ili ukikaushe usiku. Soksi mbili zilizobanwa ndani ya buti dogo huzuia damu na mguu unaganda. Vile vifuko vya unga wa chuma vya kupasha joto vinahitaji hewa ili chuma kishike kutu na kutoa joto, kwa hiyo ndani ya buti iliyofungwa sana huzimika. Viweke kwenye mfuko wa kukumbatia mikono, ule unaovaliwa kiunoni, ambapo pia unaweza kuvaa glavu nyembamba na bado ukahisi kifyatulio cha upinde.

#24 Mjukuu_wa_Rungwa

Nirudi kwenye sheria za nyumbani nilizozigusa mwanzo, kwa sababu wengi wetu husafiri Desemba hiyo hiyo. Usiingie Tanzania na koti la mabaka, hata liwe na majani ya mwaloni. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi lilitoa siku 7 kwa raia kusalimisha mavazi ya kijeshi na yale yanayofanana nayo. Uganda na Zambia nako raia haruhusiwi. Huyo anayekusachi uwanja wa ndege hatajua tofauti ya Mossy Oak na kombati, na si kazi yake kujua. Hii ni sababu nyingine ya kupendelea kijani kitupu: koti moja linakuvusha mipaka yote.

#25 Mlenga_Shabaha

Nashukuru kila mmoja. Kwa hoja zilizotolewa, nimepanga hivi. Fedha ya kwanza itakwenda kwenye merino ya ndani na buti. Ya pili kwenye flizi ya tabaka la tatu kutoka masalia ya jeshi, kwa mwongozo wa Mzee. Ya tatu kwenye koti la nje na ovaroli za kijani kavu, zenye tundu la kamba mgongoni, baada ya kupita kipimo cha ukucha na friza. Juu yake fulana ya chungwa lenye mabaka ya asilimia 50 hadi gobori zifungwe. Mchoro nitaununua kwenye kinyago na glavu tu, kwa sababu uso na mikono ndivyo vinavyosogea.

#26 Nyumbu_wa_Calgary

Mpango mzuri, isipokuwa kijani kavu, na hapo sitanyamaza. Umesema utakuwa juu ya mwaloni mwezi Desemba. Mwaloni wakati huo umepukutisha majani, na kulungu anayetokea upande wa shamba atakutazama kutoka chini, nyuma yako kukiwa na anga la kijivu na matawi membamba. Kijani kavu mbele ya anga ni giza tupu. Hapo ndipo mchoro wa kijivu cheupe wenye mistari mikubwa ya giza unapolipa bei yake, hata kama ni mtumba wa mwaka uliopita.

#27 Jicho_la_Mnyama

Kwa mandhari hiyo ya anga, Nyumbu ana haki. Ila fulana ya chungwa aliyoieleza Mama itafunika sehemu kubwa ya huo mchoro kwa nusu ya mwezi, na kwa macho ya kulungu chungwa hilo mbele ya anga nalo litakuwa jeusi kiasi. Tutabaki na miguu na mikono ya kijivu na kiwiliwili cha giza.

#28 Mjukuu_wa_Rungwa

Basi asihangaike na koti, ahamishe jukwaa. Kama msitu huo unapakana na mahindi, tembea ukingo wake na utafute mti wa majani ya sindano au mwaloni wenye mashina mawili, ukae chini kidogo ya ulivyopanga ili shina na matawi yawe nyuma ya mgongo. Angalia kwanza upepo wa asubuhi unatoka wapi mahali hapo, maana mti mzuri ulio upande mbaya wa upepo haufai. Kijani chake kitakuwa sawa.

#29 Nyumbu_wa_Calgary

Minnesota ya mialoni mti wa sindano utaupata wapi pembeni mwa shamba? Mlenga Shabaha, tuwekee picha ya ukingo huo, uliyopiga ukiwa umeinama kwenye mabua ya mahindi kwa kimo cha kulungu, saa moja asubuhi. Tukiiona nyuma ya jukwaa kuna nini, nitakuambia ununue rangi gani.